Propela na Kimo cha Ziwa Victoria

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mvuvi wa Goziba au Bumbire, visiwa vya Wilaya ya Muleba, yuko majini, lakini injini yake inapumua hewa ya mlimani. Hewa hiyo ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, na nguvu ya injini hupungua kwa kadiri hiyohiyo.

Injini nyingi za mitumbwi, za nguvu ya farasi 15 au 40, hutoa nguvu zake zote zikizunguka mara 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Kinachoamua kama zitafika huko ni propela. Hiyo hupimwa kwa kipenyo na kwa hatua, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingepenya maji jinsi skrubu inavyopenya mbao. Hatua ikiwa ndefu mno, unavuta mafuta mpaka mwisho na mizunguko inakwama kwenye 4,000. Petroli inaunguzwa bure, masizi yanaganda kwenye plagi, pistoni inachemka. Hapo ndipo watu husema mashine imechoka, wakaanza kutafuta kubwa zaidi. Nasisitiza: propela ichunguzwe kwanza, maana bei yake ni ndogo sana kulinganisha na ya injini.

Propela ina kanuni kali. Ukitaka izunguke kwa kasi maradufu, inadai nguvu mara nane. Kwa hiyo asilimia 10 iliyopotea kwa sababu ya kimo hula mizunguko kama 200 tu kati ya 5,500. Kupunguza hatua kwa inchi moja hurudisha kati ya 150 na 200. Inchi moja, basi, ni ya kimo peke yake. Mtumbwi wa mbao uliosheheni barafu au sangara unaweza kudai nyingine.

Waendesha vyombo vya theluji wanaijua hesabu hii. Tangu Ski-Doo ya kampuni ya Bombardier ilipoingia sokoni Kanada mwaka 1959, vyombo hivyo vimeenea hadi milima ya Rocky. Klachi yake ina vizito vinavyotanuka kadiri injini inavyozunguka, vikiukaza mkanda na kubadili gia vyenyewe. Wakipanda juu, mafundi huweka vizito vyepesi zaidi ili injini iliyopungukiwa pumzi ifikie mizunguko yake.

Mtumbwi hauna klachi ya namna hiyo. Una gia moja ya kwenda mbele. Kwa hiyo pima ukiwa na mzigo wa kawaida, maji yakiwa shwari, mafuta yamevutwa mpaka mwisho, ukiangalia kipima mizunguko. Chini ya 5,000, punguza hatua. Chagua propela kwa ajili ya safari nzito ya kurudi, na unapokwenda bila mzigo punguza mafuta, injini isivuke 5,500.