Pampu Inayokwenda kwa Saa za Jua

Je, wajua kwamba mto upitao Juba, baada ya safari ndefu kuelekea kaskazini, hufika Maadi karibu na Kairo, mahali ambapo mwaka 1913 Mmarekani Frank Shuman alikusanya joto la jua kwa vioo vilivyopinda, akachemsha maji hata yakawa mvuke, na kwa nguvu ya mvuke huo akapandisha maji ya Nile mashambani? Vita Vikuu vilivyozuka mwaka uliofuata viliikatiza juhudi hiyo.

Pampu ya leo haihitaji mvuke, kwa kuwa paneli hugeuza mwanga kuwa umeme moja kwa moja. Kupandisha lita 10,000 za maji kwa kimo cha meta 10 hutaka, kwa hesabu ya fizikia tupu, chini ya theluthi ya uniti moja ya umeme, ijapokuwa upotevu katika mota, pampu na mabomba huweza kukizidisha kiasi hicho mara mbili au tatu. Walakini siri yake kubwa ni wakati: katika pampu zisukumazo maji kwa mapanga, mwendo ukipungua kuwa nusu, kimo ambacho maji yaweza kufikishwa hushuka hadi robo, na ndiyo sababu mapema asubuhi, mwanga ukiwa bado hafifu, pampu yaweza kuzunguka lakini tone lisifike tangini.

Kwa mkulima wa Jebel huko Juba, chini ya mlima Jebel Kujur, aliye mbali na mto na anayetegemea kisima kirefu, tadbiri iliyo bora ni kuiacha pampu ijaze tangi lililoinuliwa tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, kisha kuyafungulia maji bustanini jioni au alfajiri, yateremke kwa uzito wake wakati jua haliwezi kuyanyonya. Akiba yake huwa ni maji, wala si umeme. Nacho kiangazi, majira ambayo bamia na mlenda huhitaji maji zaidi, ndicho chenye jua kali, ilhali dizeli ya jenereta aghalabu huja kwa malori kupitia mpaka wa Nimule, kwa bei isiyotabirika, ingawa Sudan Kusini yenyewe huchimba mafuta ghafi!

Kuna hadhari moja: jua halidai malipo, basi ni rahisi kukikausha kisima. Ewe mkulima wa Jebel, pima kwanza kisima chako chatoa maji kiasi gani kwa saa, kisha nunua tangi kabla ya kufikiria betri.