Ukame Ulipobisha Hodi Atlanta

Litajwapo neno ukame, aghalabu fikira zetu hukimbilia ardhi iliyopasuka nyufa, ng'ombe waliokonda na akina mama wenye madebe kichwani. Ni nadra mtu kuufikiria mji wenye majumba marefu, barabara pana za lami, na nyumba ambazo kila moja ina bomba jikoni, bomba bafuni na bomba jingine uani. Hata hivyo, mwaka 2007 mji wa namna hiyo ulijikuta ukihesabu siku ambazo maji yake yangetosha. Mji huo ni Atlanta, makao makuu ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani.

Habari za ukame ule zinastahili kusimuliwa katika ukurasa wa jamaa, kwa sababu watu wa mjini waliutambua majumbani mwao kabla ya kuuona mashambani. Uliwafuata bafuni, ukawakuta mezani wakipanga safari za sikukuu, ukawafikia wengine kazini na kuwanyang'anya ajira. Tena ulifundisha jambo ambalo mtu wa mjini hulisahau upesi: bomba halizai maji.

MVUA ILIYOKAWIA

Georgia si nchi kame. Kwa kawaida Atlanta hupata mvua ya milimita 1,270 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho wakulima wa sehemu nyingi za dunia wangekipokea kwa shangwe. Mwaka 2007 ilipata milimita 810 hivi tu, na mwezi wa Agosti joto likapanda hadi nyuzi 40 za Sentigredi.

Katika sehemu zile, maziwa hujazwa zaidi na mvua za majira ya baridi. Wakati huo miti imepukutisha majani, jua ni dhaifu, na maji yanayoanguka hupata nafasi ya kutiririka hadi mitoni. Wakati wa kiangazi mambo hugeuka: miti hunywa, jua hunyonya, na hata mvua nzuri ikinyesha, ni sehemu ndogo tu inayofika ziwani. Kwa hiyo mvua za baridi na za masika zikikosekana, hasara yake haionekani siku ile ile. Huonekana miezi kadhaa baadaye, watu wakiwa wamekwisha kusahau kwamba mawingu yaliwapita.

Kulikuwa na jambo jingine. Miji mikubwa mingi duniani ilijengwa kando ya mto mpana au ziwa kubwa la asili. Atlanta ilizaliwa katika karne ya 19 mahali njia za reli zilipokutana, karibu na chanzo cha mto Chattahoochee. Ziwa lake kuu, Lanier, liliundwa na watu: wahandisi wa Jeshi la Marekani walijenga Bwawa la Buford katika miaka ya 1950 na kuyazuia maji ya mto huo. Eneo linalolilisha ziwa hilo mvua halifiki hata kilometa za mraba 3,000. Juu ya sahani hiyo ndogo walikuwa wameketi watu zaidi ya milioni tatu, nao wakiongezeka kila mwaka.

Desemba 2007 uso wa Ziwa Lanier ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya meta sita chini ya kina chake cha kawaida. Magati yaliyojengwa yaelee yalilala juu ya tope lililokauka. Mabaki ya uwanja wa zamani wa mashindano ya magari, uliomezwa na maji ziwa lilipojazwa, yakachomoza tena juani. Mwezi wa Oktoba watawala wa jimbo walikuwa wamekwisha kuonya kwamba akiba iliyo rahisi kuchotwa ingeweza kumalizika katika muda wa miezi mitatu.

NDOO NDANI YA BAFU

Tarehe 28 Septemba 2007 ilitolewa amri katika wilaya 61 za kaskazini mwa Georgia kupiga marufuku umwagiliaji wa bustani za majumbani, pamoja na kuosha gari nyumbani kwa mpira wa maji. Mwezi uliofuata Gavana Sonny Perdue aliagiza matumizi ya maji katika sehemu hiyo yapunguzwe kwa asilimia 10.

Hebu msomaji ajiweke katika nyumba ya mfanyakazi wa kawaida wa Atlanta wakati ule. Mbele ya nyumba kuna uwanja mdogo wa majani. Katika mitaa ya Marekani uwanja huo ni heshima ya mwenye nyumba, na majani yakififia majirani hunong'ona. Ghafla mambo yakapinduka: mwenye majani yaliyokauka akawa ndiye raia mwema, na mwenye majani mabichi akatazamwa kwa jicho la kando, maana kila mtu alijiuliza anamwagilia saa ngapi.

Ndani ya nyumba ndoo iliwekwa bafuni, ikinge maji ya baridi yanayotangulia kutoka kabla ya yale ya moto. Maji hayo yakapelekwa kwenye mche wa mti au yakamwagwa chooni. Watoto wakafundishwa kufunga bomba wakati wa kupiga mswaki. Vyombo na nguo vikangoja mpaka mashine ijae ndipo ifunguliwe. Kwetu sisi tuliozoea kukinga maji kwenye mapipa hayo ni mambo ya kila siku. Kwa watoto waliozaliwa katika nyumba ambamo bomba halikuwahi kukoroma hewa, yalikuwa elimu mpya kabisa.

Mzigo wenyewe haukuwaelemea wote sawasawa. Mwenye uwezo aliweza kumwita fundi achimbe kisima uani, akaendelea kumwagilia waridi zake kwa maji ambayo hayakupita kwenye bomba la mji. Lakini yule aliyekuwa akilipwa kutunza waridi hizo, kupanda majani na kuuza miche, alijikuta hana kazi. Wengi wa watu wa kazi hiyo walipunguzwa. Marufuku iliyomnyima jirani ukijani ilimnyima mwingine ujira.

SAFARI ZILIZOBADILIKA

Ziwa Lanier lilikuwa pia mahali pa mapumziko kwa wakazi wa Atlanta. Kila mwaka mamilioni ya watu hulizuru kuvua samaki, kuogelea na kuendesha mashua. Mwaka ule, kadiri maji yalivyorudi nyuma, ndivyo sehemu za kushushia mashua zilivyofungwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa ziliishia kwenye tope. Jamaa waliokuwa wamezoea kumaliza juma ziwani wakabaki nyumbani au wakatafuta kwingine. Wenye vioski, vyumba vya wageni na maduka ya chambo wakakaa wakitazama barabara tupu.

Hata burudani ambazo hazikuwa zimeanza ziliguswa. Karibu na mji, penye mlima wa mawe uitwao Stone Mountain, palikuwa na mpango wa kutengeneza mlima wa theluji ya mashine ili watoto wateleze wakati wa baridi. Theluji hiyo ingehitaji maji zaidi ya lita milioni nne. Wananchi waliokatazwa kuosha magari yao walipopata habari hizo walipiga kelele, na mwezi wa Oktoba mpango ukaahirishwa. Kelele zao zilikuwa za haki. Mtu huvumilia dhiki akiona na mwenziwe anavumilia. Akimwona mwingine anachezea kile alichonyimwa yeye, uvumilivu humwishia.

Tarehe 13 Novemba 2007 Gavana Perdue aliongoza mamia ya watu katika sala ya kuomba mvua, kwenye ngazi za Jengo la Bunge la jimbo. Wapo waliomsifu, wapo waliomkosoa wakisema angeanza na mipango ya maji. Haikupita siku mbili mvua ndogo ikanyesha. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wamekwisha kuitaja, nayo haikulijaza ziwa.

SAA KUMI NA MBILI JIONI

Wakati Atlanta ikihofu kwamba bomba lingekauka, kijiji kimoja kilikuwa tayari kimefikwa. Kijiji hicho kinaitwa Orme, nacho kimo katika vilima vya jimbo jirani la Tennessee, karibu na mpaka wa Alabama. Zamani kilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe, na mwaka 2007 wakazi wake hawakuzidi mia mbili. Maji yao yalitoka katika chemchemi, na chemchemi ile ikakauka.

Wazimamoto wa kujitolea walileta maji kwa gari kutoka mji wa Bridgeport, ng'ambo ya mpaka. Kila jioni saa kumi na mbili, meya wa kijiji alikwenda mwenyewe kuifungulia koki ya tangi, na saa tatu usiku akaifunga. Katika saa hizo tatu kijiji kizima kilipika, kilifua, kiliogesha watoto, kiliosha vyombo na kujaza kila chupa na kila sufuria kwa ajili ya kesho. Anayetoka kazini saa tatu na nusu alikuta ndoo alizojaziwa na wenziwe, au hakukuta kitu. Bomba jipya lililokiunganisha kijiji na Bridgeport ndilo lililomaliza adha hiyo.

Kijiji kile kidogo hakikuhitaji kuhubiriwa juu ya thamani ya maji. Kilijua idadi ya ndoo zake. Mji mkubwa haukuijua idadi hiyo, na hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake.

WALIO CHINI YA MTO

Mto Chattahoochee hauishii Atlanta. Huteremka ukiwa mpaka wa Georgia na Alabama, huungana na mto Flint, kisha kwa jina la Apalachicola huvuka Florida mpaka baharini. Njiani humo Alabama ina kituo cha umeme wa nyuklia kinachotegemea maji hayo. Katika Florida wamo kome adimu wanaolindwa kwa sheria, na penye mdomo wa mto ipo ghuba ambayo kwa miaka mingi ilitoa sehemu kubwa ya chaza wa jimbo hilo. Chaza hao huhitaji maji baridi ya mto yachanganyike na ya chumvi.

Basi kila tone lililozuiwa Buford lilikuwa na mdai wake kusini. Wapo Georgia waliolalamika kwamba kome wanapewa maji kuliko watoto. Lakini nyuma ya kome na chaza walikuwapo wavuvi, nao pia wana watoto. Majimbo hayo matatu, yaliyokuwa yamekwisha kushitakiana tangu mwaka 1990, yaliendelea kuvutana mahakamani. Tarehe 1 Aprili 2021 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba Florida haikuthibitisha kuwa Georgia ndiyo iliyoleta maangamizi ya chaza. Wakati huo uvunaji wa chaza wa ghuba ile ulikuwa umesimamishwa.

Palikuwa na vichekesho pia. Mwanzoni mwa mwaka 2008 Bunge la Georgia lilifufua madai ya kale kwamba wapima ardhi wa mwaka 1818 walikosea, wakauweka mpaka wa Tennessee kusini kuliko ilivyostahili. Mpaka ukisogezwa, Georgia ingeufikia mto Tennessee. Meya wa Chattanooga akajibu kwa kuipelekea Atlanta lori la chupa za maji ya kunywa, iwe zawadi ya ujirani mwema.

MVUA ILIPOKUJA

Mvua ilirudi, nayo ilirudi kwa ghadhabu. Mnamo Septemba 2009 mafuriko makubwa yaliikumba Atlanta na wilaya za jirani, barabara zikakatika, na watu kumi wakapoteza maisha katika Georgia. Mwezi uliofuata Ziwa Lanier lilijaa. Mji ule ule uliokuwa ukiomba maji ukawa unayatoa katika vyumba vya chini vya nyumba zake.

Hapo ndipo mtihani wa kweli ulipoanza, kwani ni rahisi kubana matumizi ziwa likiwa tope, na ni rahisi zaidi kusahau likijaa. Kwa sehemu, Atlanta haikusahau. Sheria ya mwaka 2010 iliweka utaratibu wa kudumu katika jimbo zima kwamba bustani zimwagiliwe kati ya saa kumi jioni na saa nne asubuhi, jua lisipate kunyonya maji. Wenye nyumba walirudishiwa sehemu ya gharama wakibadili vyoo vya zamani, vilivyotumia lita 13 kila vinapovutwa, kwa vipya vinavyotumia chini ya nusu yake. Mabomba yaliyovuja chini ya ardhi yakatafutwa na kuzibwa. Matumizi ya maji ya kila mkazi wa eneo la Atlanta yameshuka kwa zaidi ya asilimia 30 tangu mwaka 2000, ingawa wakazi wameongezeka. Ukame ulipobisha hodi tena mwaka 2016, uliukuta mji ukiwa umejizoeza.

Hakuna serikali inayoweza kuamuru mvua inyeshe, wala hakuna nyumba inayoweza kulijaza ziwa kwa ndoo ya bafuni. Lakini nyumba milioni moja zikipunguza ndoo moja kila siku, hizo ni ndoo milioni moja zinazobaki ziwani, na chini ya mto yuko mtu anayezingoja. Akiba haiozi, walisema wazee wetu. Ndoo huwekwa bafuni wakati bomba bado linatoka.