Wazazi wanapogombania mtoto kutoka nchi mbili, nani humsemea?

NYANYA anayeishi Mikinduri, Tigania Mashariki, anampokea mjukuu wa miaka sita aliyeletwa na mamake kutoka Uingereza kwa likizo ya wiki tatu. Wiki hizo zinageuka kuwa miezi mitano. Mtoto amekwisha kuandikishwa shule na ameanza kuzungumza Kimeru na wenzake. Ndipo simu inapolia: babake, aliyebaki Uingereza, amepata amri ya mahakama ya huko inayotaka mtoto arejeshwe mara moja.

Kisa hicho ni cha mfano tu, lakini mzozo wa aina hiyo unaweza kuikumba familia yoyote yenye jamaa ughaibuni. Kwa miaka mingi Meru imefungamana na nchi za nje kwa biashara, masomo na kazi. Miraa ya eneo hili, kwa mfano, ilikuwa ikiuzwa Uingereza hadi ilipopigwa marufuku huko mwaka 2014. Watu wanaposafiri huoa, huolewa na kuzaa. Ndoa zinapovunjika, mtoto hujikuta katikati ya nchi mbili na sheria mbili.

Je, nyanya huyo afuate amri ya nani? Na katika mvutano huo wa watu wazima, haki za mtoto zitalindwa vipi?

Mtoto kwanza

Jibu linaanzia kwenye Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 53 kinasema kuwa maslahi ya mtoto ndiyo muhimu zaidi katika kila jambo linalomhusu. Aidha, kinampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawajaoana.

Katiba inazungumzia "kila mtoto", wala haisemi kila raia. Kwa hivyo mtoto aliyeingia nchini kwa pasipoti ya kigeni, hata kama muda wa kibali chake umekwisha, analindwa sawa na aliyezaliwa Mikinduri. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2001, inafuata msingi huo huo.

Kenya pia iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Mkataba huo unampa mtoto ambaye wazazi wake wanaishi nchi tofauti haki ya kuwasiliana na wote wawili mara kwa mara. Nao Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka 2000, unazitaka serikali kuzuia utekaji wa watoto unaofanywa na mtu yeyote, wakiwemo wazazi wenyewe.

Mkataba ambao Kenya haimo

Mkataba mkuu wa dunia kuhusu mizozo ya aina hii ulitiwa saini The Hague, Uholanzi, mwaka 1980. Unahusu watoto walio chini ya umri wa miaka 16 waliohamishwa au kuzuiliwa katika nchi nyingine kinyume cha haki ya malezi ya mzazi mmoja.

Mkataba huo hauamui ni nani atakayemlea mtoto. Unachoagiza ni kwamba mtoto arejeshwe haraka katika nchi aliyozoea kuishi, ili mahakama za huko ziamue suala la malezi. Hata hivyo, mahakama inaweza kukataa kumrejesha ikiwa kuna hatari kubwa ya kumdhuru, au ikiwa mtoto mwenye umri na ufahamu wa kutosha anapinga. Inaweza pia kukataa ikiwa mwaka mzima ulipita kabla ya ombi kuwasilishwa na mtoto amekwisha kuzoea makazi mapya.

Afrika Kusini na Zambia ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizojiunga. Kenya haimo.

Maana yake ni kwamba baba wa mfano wetu hawezi kutumia njia ya mkataba huo kumrejesha mwanawe. Analazimika kuwasilisha kesi katika mahakama ya Kenya. Amri ya Uingereza itaangaliwa na kupewa uzito, lakini haitatekelezwa hivi hivi bila mahakama kuchunguza maslahi ya mtoto. Msimamo wa namna hiyo ulielezwa mwaka 1951 na Baraza la Faragha la Uingereza katika kesi ya McKee, iliyohusu mtoto aliyepelekwa Kanada kutoka Marekani.

Hilo halimaanishi kwamba Kenya ni maficho ya mzazi anayetoroka na mtoto. Mahakama inaweza kuamua kuwa maslahi ya mtoto ni kurejea alikotoka. Vilevile, ukosefu wa mkataba huo huwaumiza Wakenya: mzazi wa Meru ambaye mwanawe amepelekwa ng'ambo bila idhini yake hana budi kutafuta wakili katika nchi hiyo, kwa gharama ambayo wengi hawaimudu.

Anayekimbia hatari

Si kila mzazi anayevuka mpaka na mtoto ana nia mbaya. Wengine hukimbia kipigo au mateso. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya msichana wa miaka minane aliyetolewa Afrika Kusini na mamake, aliyeomba hifadhi akidai angeteswa na jamaa zake. Baba alitaka mtoto arejeshwe chini ya Mkataba wa The Hague.

Majaji walisema kwamba mtoto aliyetajwa katika ombi la hifadhi la mzazi kwa kawaida huhesabiwa kuwa naye ameomba hifadhi. Kwa hivyo, hapaswi kurudishwa kabla ombi hilo halijaamuliwa. Haki ya baba kumwona mwanawe haiondoi haki ya mtoto kuwa salama.

Uraia na stakabadhi

Kabla ya mwaka 2010, mama Mkenya aliyejifungua nje ya nchi hakuweza kumrithisha mwanawe uraia wa kuzaliwa. Leo Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtoto ni raia ikiwa mama au baba ni Mkenya, popote alipozaliwa. Aidha, uraia wa nchi mbili unaruhusiwa.

Haki hiyo hutegemea ushahidi. Baadhi ya Wakenya waliokwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani wamejifungua huko nje ya ndoa, na watoto wao wakakosa vyeti vya kuzaliwa. Bila cheti, ni vigumu mtoto kupata hati ya kusafiria, na mahakama itahitaji ushahidi mwingine wa kuonyesha wazazi wake ni nani.

Mahakamani

Kesi ya malezi husikizwa na Mahakama ya Watoto. Mzazi, au jamaa anayemlea mtoto, anaweza kuomba amri ya muda ya kumzuia yeyote asimtoe nchini kabla ya uamuzi. Afisa wa watoto hutembelea nyumbani na kuandika ripoti. Mtoto mwenye ufahamu husikizwa, na mahakama inaweza kuagiza awe na wakili wake. Jina lake halitangazwi. Ndiyo sababu hukumu nyingi hutumia herufi tu.

Wazee, wakiwemo wa Njuri Ncheke, wanaweza kuwapatanisha wazazi, kwani Kifungu cha 159 cha Katiba kinatambua njia za jadi. Lakini makubaliano yanayokiuka haki za mtoto hayawezi kusimama.

Kwa nyanya wa Mikinduri, basi, kumficha mjukuu si suluhisho, wala kumkabidhi kwa yeyote anayekuja na karatasi ya ng'ambo. Afike kwa afisa wa watoto, au apige simu 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto. Ahifadhi pasipoti, cheti cha kuzaliwa na barua za shule. Na wakati kesi ikiendelea, amruhusu mtoto azungumze na babake kwa simu, ikiwa hakuna hatari. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia. Kazi ya sheria ni kumwondoa mtoto uwanjani.