Saba Moja, Thamani Nne: Poka ya Mchanganyiko kwa Jicho la Pwani

Poka ya mchanganyiko ni shindano la karata ambamo wachezaji hawafuati kanuni za mchezo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, bali kanuni hubadilishwa kila baada ya mikono kadhaa, yaani migao kadhaa ya karata, na anayeketi mezani hana budi kuzimudu zote, kwa kuwa udhaifu wake katika mchezo mmoja humpokonya alichovuna katika mingine.

Msomaji wa Mtwapa aliyekulia karibu na baraza zenye karata ana msingi wa kulielewa jambo hili kuliko anavyodhani. Majina ya karata za pwani, kama vile shupaza, kopa, uru, ree, seti na turufu, yana asili ya Kireno, na mchezo wa wahedi wa sitini, ambao jina lake la Kiarabu lina maana ya sitini na moja, una hesabu ya pointi yenye asili ya Kireno vilevile. Ree (A) huhesabiwa pointi 11, seti, yaani saba, pointi 10, mzungu wa nne (K) pointi 4, mzungu wa tatu (J) pointi 3 na mzungu wa pili (Q) pointi 2; jumla ya kila aina ni 30, na ya aina zote nne ni 120, hivyo mwenye 61 ameshavuka nusu. Wazungu hao, basi, wameitwa kwa pointi zao.

Karata ya saba inafaa kutazamwa kwa makini. Katika wahedi wa sitini saba humpiku hata mzungu wa nne, ilhali katika Texas Hold'em, poka inayojulikana zaidi duniani, saba iliyo peke yake ni karata hafifu. Mchezo ukigeuka kuwa Razz, ambao mshindi wake ni mwenye mkono wa chini kabisa, yaani karata ndogo kuliko za wenzake, ree hushuka na kuwa karata ndogo kuliko zote, na mkono ambao karata yake kubwa ni saba huwa mkono wa kutegemewa. Ukigeuka tena kuwa Deuce to Seven, ambao pia mkono wa chini ndio hushinda, ree hurudi juu, na mkono bora kuliko yote ni mbili, tatu, nne, tano na saba zisizo za aina moja. Thamani haimo katika karata, imo katika kanuni, na ubingwa wa mchanganyiko ni uwezo wa kuisahau haraka kanuni ya mkono uliopita.

Kumbukumbu nayo ina kazi nyingine. Katika Razz kila mchezaji hupewa karata saba, nne kati yake zikiwa wazi, na anayejitoa huondolewa karata zake mezani. Kwa hiyo anayesubiri karata ya namba nne, ilhali tatu kati ya karata za namba hiyo zimekwisha kupita machoni pake, anapaswa kujua kwamba imebaki moja tu, kama vile mchezaji wa barazani anavyohesabu turufu zilizokwisha kuliwa. Hesabu hiyo haihitaji shilingi mezani, na ni vyema ieleweke hivyo katika pwani ambayo Waislamu wake wanaijua kamari kuwa haramu.

Kipimo kikuu cha ustadi wa mchanganyiko ni shindano la World Series of Poker mjini Las Vegas lenye kiingilio cha dola 50,000, lililoanza 2006 kwa michezo mitano, ambalo mshindi wake wa kwanza alikuwa Chip Reese, na kombe lake limepewa jina la Reese baada ya kifo chake cha 2007. Mwaka 2010 michezo iliongezwa kuwa minane, kisha tisa. Michael Mizrachi amelitwaa kombe hilo mara nne, yaani 2010, 2012, 2018 na 2025, na katika mwaka huo wa mwisho alishinda pia shindano kuu la Texas Hold'em.