Shamba Lisilomo Katika Daftari



Katika kazi yangu ya ukaguzi nimezoea kuanza na daftari la wanachama, kisha stakabadhi, kisha ghala. Shambani huenda mara chache, na viongozi wengi wa vyama vyetu vya Kibondo na Kasulu huenda mara chache kuliko mimi. Makala hii yaeleza kwa nini desturi hiyo ni ya hatari, hasa kwa habari ya mashamba ya bangi yanayofichwa mbali na macho ya watu.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Nyanda zetu za juu ni vilima na mabonde, na upande wa mashariki huteremka hadi kwenye miombo na vinamasi vya Moyowosi na Malagarasi. Kuanzia mwaka 1972, Operesheni Kigoma iliwahamisha watu wengi kutoka makao yaliyotawanyika na kuwakusanya vijijini, na mahame mengi yakabaki nyuma. Hata leo mwanachama aweza kukaa kando ya barabara, ilhali shamba la babu yake liko mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Analidai, lakini halilimi. Ardhi ya namna hiyo ina mwenyewe kwa jina, bali haina mlinzi.

Hiyo ndiyo ardhi anayoitafuta mlima bangi. Huko Kisimiri Juu wilayani Arumeru, katika wilaya ya Tarime, na katika milima ya Morogoro, mashamba ya namna hii yamekutwa milimani, kando ya mito na ndani ya hifadhi, pengine yakiwa yamechanganywa na mahindi. Mwenye kuyalima hutaka maji yawe karibu na watu wawe mbali. Tena mmea huo hupenda jua, kwa hiyo miti hufyekwa, na mara nyingi ni ile iliyokuwa ikikinga chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Anayejificha hawezi kuiheshimu, na hasara huwafikia walio chini ya bonde, wakiwamo wakulima wa kahawa wanaohitaji maji safi ya kuoshea mazao yao.

Sasa tuje kwenye vitabu vya chama. Miaka michache iliyopita nilikagua chama kimoja ambacho sitakitaja. Mzee mmoja alikuwa amekopeshwa mbolea ya tumbaku kwa misimu miwili, naye hakuleta ghalani hata robo ya mazao yaliyotazamiwa. Katibu alinieleza kwamba mvua zilikuwa mbaya. Lakini jirani zake, walionyeshewa na mvua ileile, walileta mzigo kamili. Tulipokwenda na mwenyekiti wa kitongoji tulikuta tumbaku kidogo, na njia iliyokanyagwa sana ikishuka bondeni. Mzee alikuwa amelikodisha bonde lake kwa mtu aliyemlipa fedha taslimu, bila hati na bila kuijulisha serikali ya kijiji. Aliambiwa kwamba zitapandwa nyanya, naye hakushuka kutazama. Yaliyofuata yalikuwa kazi ya polisi, si yangu. Nilichokiona ni mkewe akiwa mlangoni pa ofisi ya chama, akiuliza ni nani atakayelilipa deni la mbolea. Hakuna aliyemjibu.

Wanachama na waelezwe sheria waziwazi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Na. 5 ya mwaka 2015, yaweka kifungo kirefu kwa kulima bangi, nacho chaweza kufika miaka 30. Haimtazami mwenye jembe peke yake, bali humgusa pia mwenye ardhi anayejua na kuacha. Wako wanaosema kwamba nchi jirani zimeruhusu. Ni kweli kwamba mwezi Oktoba 2020 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliidhinisha kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa za kuuzwa nje, lakini ni kwa leseni tu, na leseni ya Rwanda haimkingi mtu wa Kibondo.

Basi chama kifanye nini? Kwanza, kila shamba linalokopeshewa pembejeo litembelewe kabla ya kupanda na kabla ya kuvuna, na mipaka yake iandikwe daftarini. Pili, mwanachama anayekodisha ardhi afanye hivyo kwa maandishi na mbele ya serikali ya kijiji. Tatu, mazao yakipungua sana kuliko pembejeo zilizotolewa, sababu ichunguzwe shambani, wala isikisiwe ofisini. Yawezekana ni ugonjwa au mauzo kwa walanguzi, kwa hiyo mtu asihukumiwe kabla ya kuonwa. Nne, bangi ikionekana, taarifa ipelekwe kwa serikali ya kijiji na polisi. Wanachama wasiende kuifyeka wenyewe, kwa maana anayeilinda huenda ana silaha. Wala tusimsingizie mgeni au mkimbizi kwa ugeni wake tu. Bonde lile lilitolewa na mwenyeji.

Liko jambo la mwisho, nalo ni letu sisi viongozi. Mzee yule alikubali fedha taslimu kwa sababu malipo yake ya msimu uliotangulia yalikuwa yamecheleweshwa na chama chake mwenyewe, na ada ya shule haikungoja. Chama kinachokaa na fedha za mkulima humsukuma kwa mtu mwingine mwenye fedha mkononi.

Kabla ya mkutano mkuu ujao, kila bodi na ijiulize maswali mawili: ni mashamba mangapi yaliyomo katika daftari letu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuyakanyaga? Na ni wanachama wangapi wanaotudai?