Kompyuta isikuumize: vitufe vinavyopumzisha mkono na macho

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto na maji safi ya kunywa. Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya kompyuta. Msishangae. Kompyuta sasa imeingia katika ofisi za parokia, shuleni, zahanati, dukani na hata sebuleni. Mahali ilipoingia, malalamiko mapya yameingia pamoja nayo: mkono unakufa ganzi, shingo imekakamaa, macho yanawasha na kutoa machozi. Wengi huyavumilia maumivu hayo wakidhani ndiyo gharama ya kazi. Kumbe ndani ya kompyuta yenyewe mna misaada mingi ya kuyapunguza, ila imejificha, na hakuna aliyetuonyesha.

Tuanze na mama mmoja, karani wa parokia, mwenye umri wa miaka hamsini na kidogo. Tulipomtembelea alikuwa amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Usiku, alisema, ganzi humwamsha, naye huukung'uta mkono mpaka damu irudi. Jirani mmoja alimwambia ni upepo, mwingine akamnong'oneza kuwa amechezewa. Yeye mwenyewe alikuwa amekata shauri. "Ndugu zangu, mimi nimezeeka," alituambia. "Mwisho wa mwezi nitamwambia Baba Paroko atafute kijana." Tukajua maana ya maneno hayo, kwa sababu mtoto wake wa mwisho alikuwa bado sekondari, na mshahara ule ndio uliomlipia.

Tuliketi pembeni yake tukamtazama akifanya kazi. Alikuwa akihamisha majina ya watoto wa kipaimara kutoka orodha moja kwenda nyingine. Kwa kila jina mkono uliondoka kwenye vitufe, ukashika kipanya, yaani mausi, ukaburuta, ukabonyeza, ukatafuta neno la kunakili, ukarudi. Kisha mwendo uleule tena ili kulibandika jina mahali pake. Na majina yalizidi mia moja.

MKONO UNAUMIA KWA NINI?

Katika kifundo cha mkono, upande wa kiganja, pana njia nyembamba. Humo hupita kano za vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Njia hiyo ikivimba ndani, mshipa hubanwa. Ndipo mtu husikia ganzi na mchomo kama wa sindano katika vidole hivyo, hasa usiku. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Ujauzito, kisukari na ugonjwa wa tezi ya shingo huuchochea. Kompyuta siyo chanzo pekee, lakini mkono uliopinda na kurudia tendo lilelile kutwa nzima huuongezea mzigo.

Basi, dawa ya kwanza ni kuupunguzia mkono safari. Haya tunayoyaeleza yamo katika kompyuta zinazotumia Windows 10 na Windows 11, ambazo ndizo nyingi maofisini kwetu.

VITUFE VYA KUPUMZISHA MKONO

1. Kunakili na kubandika. Chagua maneno, kisha shikilia Ctrl na ubonyeze C ili kunakili. Nenda unapotaka, shikilia Ctrl na ubonyeze V ili kubandika. Ctrl na X hukata. Ctrl na Z hutengua kosa ulilofanya sasa hivi. Tazama vizuri utaona kuwa Z, X, C na V zimepangana mstari mmoja, chini kushoto. Mkono wa kushoto unazifikia zote bila kuhangaika, na wa kulia unapumzika.

2. Kuruka neno zima. Wengi hufuta herufi moja moja mpaka kidole kichoke. Shikilia Ctrl na ubonyeze kitufe cha kufutia, neno zima litatoka. Ctrl pamoja na mshale wa kulia au wa kushoto hukuvusha neno zima kwa mara moja. Ukiongeza na Shift, neno hilo linachaguliwa bila kugusa kipanya.

3. Kuhama dirisha moja kwenda jingine. Shikilia Alt, gusa Tab. Kazi mbili zilizofunguliwa utazibadilisha kama unavyogeuza ukurasa wa kitabu.

4. Kumbukumbu ya mambo uliyonakili. Tafuta kitufe chenye alama ya dirisha, karibu na Alt. Tukiite kitufe cha dirisha. Ukikishikilia na kubonyeza V, kompyuta itaomba ruhusa mara ya kwanza. Ukikubali, tangu hapo itakuwekea mambo 25 ya mwisho uliyonakili, nawe utachagua unalotaka. Angalizo: kama kompyuta ni ya watu wengi, usiache humo nywila wala siri ya mtu. Yafute kabla hujaondoka.

5. Kubadilisha mkono. Kama wa kulia umechoka, hamishia kipanya kushoto. Shikilia kitufe cha dirisha, bonyeza I, kisha andika neno mouse katika nafasi ya kutafutia. Utakuta mahali pa kuchagua kitufe cha kulia cha kipanya kiwe ndicho kikuu. Siku mbili tatu za kwanza utajiona mzembe, halafu utazoea.

6. Kuinuka bila hofu. Karani wetu alikuwa haondoki kitini kwa kuogopa watu wasisome habari za waamini kwenye kioo. Tulimwonyesha kubonyeza kitufe cha dirisha pamoja na L. Kioo hujifunga palepale, na kama kompyuta imewekewa nywila, hakuna atakayekifungua bila hiyo. Sasa anaweza kusimama kila nusu saa, akanyoosha mgongo, akanywa maji.

Neno la tahadhari. Usiukunje mkono mmoja kama kucha za mwewe ili ufikie vitufe viwili vilivyo mbali. Tumia mikono miwili: mmoja ushikilie Ctrl, mwingine ubonyeze herufi. Vifundo viwe vimenyooka, viwiko karibu na mbavu, na miguu ikanyage sakafu.

NA MACHO JE?

Mtu akitazama vitu vingine hupepesa macho karibu mara 15 kwa dakika. Akikodolea kompyuta, hupepesa mara 5 hadi 7 tu. Jicho hukauka, huwasha, na baadaye hutoa machozi ya kujitetea. Kwa hiyo siyo kwamba mwanga wa kompyuta unalichoma jicho. Tatizo ni kukodoa. Kila baada ya dakika 20, inua uso, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Mwembe wa nje unatosha. Pepesa.

Sababu ya pili ni umri. Kuanzia miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho hupungua ulaini, na herufi ndogo zilizo karibu hukataa kusomeka. Mtu huanza kusogeza uso kwenye kioo, shingo inatangulia kama ya kobe, na jioni anaumwa kichwa. Usiisogeze shingo. Zikuze herufi:

Kwanza, katika barua au ukurasa wowote wa intaneti, shikilia Ctrl na uzungushe gurudumu la kipanya. Maandishi yatakua. Yakizidi, zungusha kinyume.

Pili, kitufe cha dirisha pamoja na alama ya kujumlisha hufungua kioo cha kukuzia, nacho hukuza kila kitu unachokiona. Ili kukifunga, bonyeza kitufe cha dirisha pamoja na Esc.

Tatu, kitufe cha dirisha pamoja na U hufungua chumba kizima cha misaada ya namna hii. Humo unaweza kukuza maandishi ya kompyuta yote mpaka asilimia 225, ukakifanya kimshale cha kipanya kiwe kikubwa, au ukachagua rangi zinazotofautiana sana, kama maandishi meupe juu ya weusi. Kama ukisahau mengine yote tuliyoandika, kumbuka herufi hii moja, U.

Wanaofanya kazi usiku wanaweza pia kutafuta maneno Night light. Kioo kitageuka rangi ya manjano kama ya taa ya chemli, na hakitakuchoma macho gizani. Lakini hiyo siyo dawa ya macho, wala haichukui nafasi ya kulala mapema.

KISANDUKU KINACHOTUOGOPESHA

Je, umewahi kubonyeza Shift mara kadhaa, kikatokea kisanduku cha ghafla na mlio? Wengi hudhani ni kirusi na hukifukuza haraka. Siyo kirusi. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, kompyuta inakuuliza kama unahitaji msaada uitwao Sticky Keys. Ukikubali, huna haja tena ya kushikilia vitufe viwili kwa pamoja. Unabonyeza Ctrl, unaiachia, kisha unabonyeza C, na kompyuta inaelewa.

Msaada huo na nduguze vilianzia kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, huko Marekani, waliokuwa wakiwafikiria watu wenye ulemavu. Windows 95 ilipotoka mwezi Agosti 1995 vilikuwa vimo ndani yake. Yaani kwa miaka zaidi ya thelathini tumekuwa tukikifukuza kisanduku kilicholetwa kwa ajili ya ndugu zetu.

Fikirini baba aliyepatwa na kiharusi na kubaki na mkono mmoja wenye nguvu. Kwa Sticky Keys anaweza kuandika barua yake mwenyewe. Yule ambaye mkono wake unatetemeka na kubonyeza bila kutaka, ashikilie Shift ya kulia kwa sekunde 8. Kompyuta itamwuliza kama ianze kupuuza migusano ya bahati mbaya. Asiyeweza kushika kipanya abonyeze pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, au amwombe mtu amsaidie kuvibonyeza. Kwenye kibodi yenye tarakimu upande wa kulia, tarakimu hizo zitasogeza kimshale, na 5 itabonyeza badala ya kipanya. Na asiyeona ashikilie Ctrl na kitufe cha dirisha, kisha abonyeze kitufe cha Enter. Sauti itaanza kumsomea yaliyoandikwa kwenye kioo. Kama nyumbani kwenu yupo mtu wa namna hiyo, msimwambie kompyuta siyo yake. Mwiteni, mjaribu pamoja.

NJIA YA MKATO ISIYOFAA

Wapenzi wasomaji, hapa tunaomba msome taratibu. Vitufe hivi hupunguza mzigo, lakini havitibu. Tena vinaweza kuuficha ugonjwa. Mtu anayekuza herufi kidogo mwezi huu, kidogo tena mwezi ujao, huenda anapambana na mtoto wa jicho, au na glakoma ambayo hula uwezo wa kuona polepole bila maumivu. Hiyo glakoma ikishaharibu, kilichopotea hakirudi. Ukishafika miaka arobaini, macho yapimwe hata kama huna shida. Huenda unahitaji miwani ya kusomea tu. Huenda ni zaidi.

Nenda hospitali bila kungoja ukiona haya: ganzi inayoendelea zaidi ya wiki chache, vitu kukudondoka mkononi, nyama ya chini ya kidole gumba kunywea, kuona ukungu au duara za rangi kuzunguka taa, au kupoteza uwezo wa kuona ghafla. Na kama ni upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, au mdomo umepinda, usitafute vitufe wala usingoje kesho. Hiyo yaweza kuwa kiharusi.

Karani wetu alijaribu vitufe kwa wiki tatu. Shingo ikapona, na mchana mkono ukawa mwepesi. Lakini usiku ganzi iliendelea, na safari hii hata nyayo zilianza kuchoma. Tukamsihi aende apimwe. Hakutaka. "Mkono tu jamani, mnipeleke hospitali?" Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tukamkumbusha hivyo, na mwanawe akamsindikiza. Akakutwa na kisukari, ambacho pengine alikuwa nacho kwa miaka bila kujua. Kumbe ile kiu, na kule kuamka kwenda kukojoa mara nne kila usiku, hakukuwa uzee.

Sasa yuko kliniki, anafuata masharti ya chakula na dawa, na usiku hulala amefunga kibao chepesi cha kunyoosha kifundo kama alivyoelekezwa na daktari. Habari za kutafutiwa kijana hazisemi tena. Tulipopita ofisini kwake mwezi uliopita tulimkuta akimfundisha mwalimu mmoja mstaafu herufi ile ya U, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na kompyuta.

Basi kesho, kabla ya kuanza kazi, chagua kitufe kimoja tu kati ya hivi na ukitumie kutwa nzima. Keshokutwa chukua kingine. Na kama mkono au jicho bado linalalamika, lisikilize, ulipeleke kwa daktari.