Je, Wajua? Bakteria wa tembo aweza kutupatia mafuta ya gari

Bakteria Zymomonas mobilis huishi katika tembo linalogemwa kwenye minazi na michikichi. Hugeuza sukari kuwa ethanoli kwa ustadi unaoishinda hamira: kwa kila glukosi hujipatia nusu tu ya nishati ya hamira, hivyo sukari kidogo sana hujenga mwili wake na karibu yote huwa gesi ya kaboni dioksidi na spiriti, ambayo huchanganywa na petroli. Alikuwa na upungufu mmoja: hakuweza kula zailosi, sukari iliyofungwa ndani ya mbao na mabua. Mwaka 1995 watafiti wa Colorado, Marekani, walimpandikizia jeni nne za bakteria mwingine, akaanza kuila.

Hapo ndipo Mombasa inapoingia. Muuza madafu wa Fort Jesus akishalipasua dafu kwa panga na mteja akala nyama yake laini, kumbi hutupwa, na zailosi imo humo. Wapo wanaosema mafuta ya mimea hunyang'anya watu chakula. Ni kweli kwa mahindi, lakini kumbi halili mtu. Wengine wanahofia bakteria huyo kutoroka. Ni hofu ya haki, ndiyo maana Kenya ilitunga Sheria ya Usalama wa Kibayolojia mwaka 2009. Pingamizi zito hasa ni lignini, gundi ngumu ya kumbi: sharti ivunjwe kwanza, mara nyingi kwa joto na asidi, na kazi hiyo ni ghali. Fedha za utafiti zielekezwe huko kabla ya kutafuta jeni ya tano.